Vitanda Vitano, Mlango Mmoja

Wiki iliyopita tulimwacha Hosiana kwenye korido ya meli Tumaini la Ziwa, bandarini Mwanza. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitasa cha chumba namba tisa. Wa pili ulikuwa umemshika mama yake mzazi, Bibi Rebeka, aliyekuwa amekaa chini sakafuni na kusema neno moja tu.

"Siingii."

Leo tunaanzia hapo hapo, maana hata yeye bado hajainuka.

"Mayu, simama basi, watu wanapita," Hosiana alimsihi mama yake.

"Wapite. Miguu nimeibana."

"Utapata baridi. Juzi tu umetoka hospitali ya Kolandoto na kichomi."

"Baridi nimeizoea," alisema Bibi Rebeka. "Aibu ndiyo sijaizoea."

Hosiana alifungua mlango nusu, akachungulia ndani kana kwamba chumba kingekuwa kimebadilika. Hakikubadilika. Dabodeka mbili ukutani, hivyo vitanda vinne. Cha tano peke yake chini ya dirisha. Na kwenye hicho cha dirishani alikuwa amelala Wilbard, mume wake, chali, nyonga imefungwa vyuma kama mlango wa duka.

Wiki sita zilizopita Wilbard aliangukiwa na udongo ndani ya duara, shimo la dhahabu, kule machimboni Segese. Wenzake walimfukua akiwa hai, na kwa hilo Mungu asifiwe. Lakini nyonga ilisagika. Kukaa hawezi, basi la Bukoba haliwezi kumchukua. Meli inaweza, kwa kuwa meli ina kitanda. Na Bukoba kuna daktari bingwa mgeni ambaye anapasua kesho Jumamosi, halafu anaondoka. Akimkosa kesho, Wilbard ni mtu wa kulala maisha yake yote.

Hilo ndilo jambo pekee lililokuwa kichwani mwa Hosiana: mume wangu afike kesho asubuhi akiwa amelala alivyolala.

Kwenye hospitali ya Mwanza daktari alimvuta pembeni yeye peke yake. Alimwambia kila baada ya saa mbili amgeuze kidogo. Na katika kumgeuza au kumwinua, mguu wa kushoto usivutwe kabisa. Ukivutwa, kipande cha mfupa kinaweza kukata mshipa mkubwa wa damu. Alimwandikia na karatasi. Hosiana aliikunja akaiweka kifuani pamoja na rozari yake, na tangu siku ile watoto wakawa wanatolewa nje kila baba yao anapogeuzwa.

Makuli wanne walimpandisha melini kwa machela, wakamlaza, wakashuka. Pale alipolazwa hatoki mpaka Bukoba.

Na mama mkwe wake yuko mlangoni.

Kwa Wasukuma wa umri wa Bibi Rebeka, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hawalali chumba kimoja, hawashikani mikono, jina halitajwi. Miaka kumi na minne tangu Hosiana aolewe, Bibi Rebeka na Wilbard hawajawahi kusemezana uso kwa uso. Hata hospitalini bibi alikuwa anakaa nje ya wodi, anapitisha uji dirishani na kuangalia pembeni. Machela ilipopita koridoni alijifunika kitenge, akageukia ukuta.

Sasa kosa lilikuwa la nani?

Siku tatu nyuma Hosiana alimpigia wakala wa tiketi, Abdulhalim, mtu wa asili ya pwani aliyewahi kuuza simu Katoro kabla ya kufungua kibanda nje ya geti la bandari. Alimwambia watu ni watano: baba, mama, bibi, na mabinti wawili.

"Nimekupata, Mama Anisia," Abdulhalim alisema kwa furaha. "Nawawekea chumba cha familia. Mtalala kama vidole vya mkono mmoja."

Hosiana akashukuru. Kwa akili yake, chumba cha familia ni kama vile vya gesti za Katoro: mlango wa mbele mmoja, ndani vyumba viwili, na sebule ya kuwekea mabegi. Hakuuliza. Hajawahi kupanda meli.

Vidole vya mkono mmoja. Ndiyo hivyo.

"Anisia," sauti ya Wilbard ilitoka ndani.

Anisia ni binti yake mkubwa, ana miaka kumi na miwili. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Abee baba."

"Mwambie bibi yako aingie. Mimi nitageukia ukutani mpaka kesho."

Anisia akageuza shingo. "Bibi, baba anasema uingie, atageukia ukutani."

"Nimesikia. Mwambie baba yako hawezi kugeuka, ana vyuma."

"Baba, bibi anasema huwezi kugeuka."

"Mwambie nitafumba macho."

"Bibi, anasema atafumba macho."

"Mwambie akifumba macho atalala, akilala atakoroma, na mimi sikuzaliwa kusikiliza koromo la mkwe wangu."

Anisia alisita. "Hilo nalo nimwambie?"

"Amesikia," alisema Bibi Rebeka, na wajukuu wake wote wawili wakacheka, hata mdogo, Elieth, mwenye miaka minne, aliyekuwa amepanda kitanda cha juu na kuning'iniza miguu. Wilbard naye alicheka, kisha akashika nyonga na kuuma midomo.

Hosiana peke yake hakucheka. Saa ya simu yake ilionyesha saa kumi kasoro robo. Meli ingeng'oa nanga saa kumi na nusu. Simu ilibaki na chaji asilimia nne.

Alifungua begi, akatoa vitenge vitatu, akavifunga kutoka dabodeka moja hadi nyingine. Chumba kikagawanyika. Huku vitanda vinne, kule dirisha na mgonjwa.

"Haya mayu. Ukuta huo."

Bibi Rebeka alinyoosha shingo, akaangalia kwa haki kabisa.

"Kitenge kinazuia macho. Masikio hakizuii. Usiku utamvua, utamwekea chombo cha haja, atalia kwa maumivu. Mtu mzima analia mbele ya mama wa mke wake? Hosiana, mwache mwanaume abaki na kitu."

"Mayu, wewe unasali jumuiya. Mungu anakataza kulala na mgonjwa?"

"Mungu hakatazi. Ila Mungu hakunituma nimwone mkwe wangu akivuliwa suruali."

 Na tuseme kweli, wewe msomaji ungemjibu nini?

Mlango wa namba kumi ukafunguliwa. Alitoka mama mmoja mnene mwenye hina mikononi, mfanyabiashara wa vitenge, jina lake Swaumu.

"Nimewasikia tangu mwanzo, nisameheni, kuta za meli ni bati," alisema. "Shikamoo bibi. Njoo kwangu. Nina vitanda viwili na niko peke yangu."

"Marahaba mwanangu. Asante, wabeja sana."

Bibi Rebeka aliinuka mwenyewe bila kushikwa.  Hosiana akabeba mkeka wa mama yake na kidumu cha maji, akaviingiza namba kumi.

Alikuwa anaviweka chini wakati mwanaume mwenye kofia alipotokea ngazini, begi dogo jeusi limekumbatiwa kifuani.

"Nani huyu?" Bibi Rebeka aliuliza.

Swaumu aliinamisha uso. "Mume wangu, Majaliwa. Alisema atasafiri kesho."

"Nimebadilisha," alisema Majaliwa. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na watu wa kazi ile hawasemi siku ya kweli ya kusafiri hata kwa wake zao.

"Baba Zuhura, si ulale kwenye viti?" Swaumu alimsihi mumewe. "Bibi huyu ana kifua."

"Na begi hili lilale wapi? Kwenye viti?" Alimgeukia Bibi Rebeka kwa upole wa mtu ambaye ameshakataa. "Bibi, samahani. Lakini mbona mna chumba? Kwetu mkwe anakula sahani moja na mama mkwe, wanagombania hata mkia wa samaki."

"Ndiyo maana kwenu samaki hatoshi," alijibu Bibi Rebeka, akarudi sakafuni pale pale, mbele ya namba tisa.

Mkeka nao ukarudi.

Haijapita dakika tano akaja karani wa vyumba, dada mwenye suruali ya buluu na kalamu nywelini. Kibandiko kifuani kilisema Mwanaima.

"Bibi shikamoo. Hapa hapakaliwi. Ni njia ya kutokea kukiwa na hatari."

"Marahaba. Nitabana zaidi."

"Hata ukibana. Kapteni akipita akakuta mtu koridoni, anayeshushwa ni mimi." Aliangalia tiketi aliyopewa na Hosiana. "Hii ni tiketi moja ya watu watano. Inasema wote ndani ya tisa. Ama bibi aingie, ama ashuke. Na akishuka mmoja, tiketi imevunjika, inabidi mpangwe upya. Na vitanda vya kupangwa upya havipo."

"Mgonjwa je?" Hosiana aliuliza. "Yule hawezi kushushwa. Akitikiswa..."

"Mama, naona. Nami nina macho." Mwanaima alikuna kichwa kwa kalamu yake. "Haya. Namba kumi na nne kuna masista wawili, chumba cha watatu. Kitanda kimoja hakina mtu. Kwa mwanamke inafaa."

Bibi Rebeka alisimama tena. Kulala na masista. Alijipangusa vumbi, akajitengeneza kilemba kama anakwenda kupokea komunyo.

"Lakini mfumo unataka aliyekata tiketi ndiye abadilishe," Mwanaima aliendelea. "Wakala wenu yuko wapi?"

"Nje ya geti. Abdulhalim."

"Ni karibu. Sasa hivi ni saa kumi na dakika tano. Honi ya kwanza ni ya kuita watu. Honi ya pili ngazi inainuliwa. Nenda na kitambulisho cha bibi."

Hosiana alimtazama mumewe juu ya vitenge. Wilbard alikuwa ameegemeza kichwa upande, jasho kwenye paji la uso. Tiketi ya familia Hosiana alimchomekea mfukoni mwa shati, isipotee.

"Nenda," alisema Wilbard. "Nipo. Nitakwenda wapi?"

"Anisia, simu ya baba kaa nayo wewe. Bibi akae hapo mlangoni mpaka nirudi. Baba asiguswe na mtu. Umenielewa? Asiguswe."

"Ndiyo mama."

Hakusema kwa nini. Hakutaka kumtisha mtoto. Likumbuke hilo, msomaji.

Alishuka ngazi ya meli mbio, sandali mkononi.

Kibanda cha Abdulhalim kilikuwa wazi, kompyuta inawaka, kiti kitupu. Muuza karanga wa jirani alinyoosha kidole msikitini.

"Yuko alasiri. Hamalizi mpaka amalize."

Ungefanya nini? Unamwita mtu kwenye sala? Hosiana ni mtu wa sala, anajua. Alisimama mbele ya kile kiti kitupu, akaingiza mkono kifuani, akashika rozari juu ya ile karatasi, akahesabu punje. Salamu Maria. Salamu Maria. Kutoka bandarini kreni ilikuwa inapakia ndizi za mwisho.

Abdulhalim alitokea anavaa viatu.

"Mama Anisia, mbona uko huku? Hamjapenda chumba?"

Alimweleza kwa maneno manane. Abdulhalim alisimama na kiatu kimoja, uso ukamshuka.

"Lahaula. Mimi nilidhani nawapendelea. Kile ndicho chumba bora cha meli nzima." Alikaa, akaanza kugonga vitufe. "Mnisamehe. Miaka saba Katoro, hakuna aliyeniambia habari za mkwe."

"Hukuuliza, nami sikuuliza. Fanya haraka, mwanangu."

Kile kiduara cha kwenye kioo kilizunguka. Kikazunguka. Honi ya kwanza ikalia, ndefu, ikatikisa glasi ya chai mezani.

"Inakuja," Abdulhalim alisema.

Kikazunguka.

"Inakuja, mama yangu."

Karatasi ilitoka saa kumi na dakika ishirini na tatu. Namba kumi na nne, kitanda cha tatu. Hosiana aliinyakua akakimbia, hata asante aliisemea njiani.

Getini askari alinyoosha mkono. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole.

"Tiketi, mama."

Akampa.

"Kitambulisho."

Akatoa cha kwake. Askari akasoma hiki, akasoma kile, akarudia.

"Tiketi ni ya Rebeka Ndaki. Wewe ni Hosiana."

"Rebeka ni mama yangu. Yuko ndani ya meli."

"Tiketi yake iko nje na yeye yuko ndani?"

"Tumembadilishia chumba."

"Na tiketi yako wewe iko wapi?"

Hosiana alijipapasa kifuani. Tiketi yake ilikuwa ni ile moja ya watu watano. Ilikuwa melini, mfukoni mwa shati la Wilbard.

"Mwanangu, umeniona nikitoka sasa hivi. Nimepita hapa na sandali mkononi."

"Nimekuona, mama. Mimi nakuamini." Aliangalia juu, kwenye nguzo, ambako kamera ndogo ilikuwa inawatazama wote wawili. "Lakini juzi mwenzangu alimpitisha mtu kwa huruma, leo hana kazi. Subiri nimpigie karani wa vyumba."

Alipiga kwa redio. Redio ikakoroma. Akapiga tena.

"Mwanaima, Mwanaima, geti hapa."

Mkoromo.

Hosiana alishika vyuma vya geti. Meli ilikuwa hatua mia moja tu kutoka pale, nyeupe, kubwa, madirisha yamepangwa kama shanga. Alihesabu kutoka mbele mpaka akalipata la namba tisa, lenye pazia la kijani.

Honi ya pili ikalia.

"Mwanaima, geti hapa, kuna mama..."

"Mpitishe, mpitishe," redio ilisema ghafla. "Ni wa tisa huyo, mwache apite haraka."

Geti likafunguka. Hosiana alikimbia kama hajawahi kuzaa. Sandali moja ilimtoka, akaiacha. Alipofika ukingoni ngazi ilikuwa imeshainuliwa, na kati ya gati na meli kulikuwa na maji, kwanza mkono mmoja, kisha mkeka mmoja, kisha chumba kizima.

Watu wa kufungua kamba za meli walimshika wakidhani anataka kuruka. Labda alitaka.

Simu ikaita kifuani. Ilikuwa namba ya Wilbard.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Anisia, nyembamba. "Mama uko wapi? Baba ameanguka."

"Ameangukaje?"

"Alisema anataka kutoka ampishe bibi, wewe usihangaike. Akashika dirisha akajivuta. Nilimwambia asifanye. Yuko chini mama, kati ya kitanda na ukuta. Analia."

"Mwite karani. Mwite baba wa namba kumi."

"Nimegonga, hawafungui, wote wako juu wanapunga mikono. Mama..." Anisia alinong'ona. "Bibi ameingia."

"Ameingia wapi?"

"Humu ndani. Ameng'oa vitenge vyote. Amefunga mlango."

Kwenye simu Hosiana alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa miaka kumi na minne ya ndoa yake. Alisikia mama yake akilitaja lile jina.

"Wilbard."

 Injini peke yake ilinguruma.

"Wilbard, mwanangu. Nitazame. Nishike shingoni."

Na sauti ya mumewe, imepasuka kwa maumivu, lakini bado ya mtu mwenye adabu zake: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mkono. Usione haya, mimi ndiye nimeingia, si wewe."

Machozi yalimtoka Hosiana pale gatini. Kwa dakika ile moja alidhani Mungu amefanya kazi yake kwa njia yake, na kwamba yote yatakuwa sawa.

"Hainuki hivi," Bibi Rebeka alisema. "Mzito. Elieth, shuka chini na wewe, shika shati la baba. Anisia, weka hiyo simu, shika mguu."

"Upi, bibi?"

"Huu wa huku, wa kushoto. Mimi mabega, wewe mguu. Nikisema tatu, vuta kwa nguvu zako zote."

"Anisia, usivute," Hosiana alisema. "Anisia, huo usiuguse. Anisia..."

Hakukuwa na sauti. Alitoa simu sikioni. Kioo kilikuwa cheusi, chaji imekwisha. Mtu mmoja wa kamba alimpa simu yake bila kuombwa, akaishika, vidole vikasimama juu ya namba. Ya Wilbard hakuwahi kuikariri. Ilikuwa ndani ya ile iliyozima, imeandikwa Baba Anisia.

Aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi ya daktari, akaikunjua, akainyanyua juu kwa mikono miwili kuelekea dirisha lenye pazia la kijani, kana kwamba kwa umbali ule mtu angeweza kusoma.

Dirishani hapakuwa na mtu. Wote wanne walikuwa chini sakafuni, na vitanda vyote vitano vilikuwa vitupu.